Shingo Yangu Ilivyovuka Kavimvira

Walioniharibia shingo ni wengi, na wote wanaishi karibu. Majina yao siyaandiki, lakini kazi zao nitazitaja, na msomaji wa hapa Uvira atawatambua bila kuuliza.

Wa kwanza ni motari, dereva wa pikipiki, aliyenitoa Mutarule na gunia langu la mihogo mikavu. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu mume wangu afariki: nanunua mihogo uwandani, naisagisha, nauza unga kwa kopo sokoni Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi. Motari huyo alikuwa na simu kati ya sikio na bega. Nilimwambia aiweke. Akasema, "Mama, tulia, barabara naijua." Shimo nalo alilijua, maana lilikuwa pale tangu mvua za mwaka uliotangulia, lakini siku hiyo alikuwa anacheka na mtu wa ndani ya simu. Mimi nilitua kwa kichwa katika mfereji wa shamba la mpunga. Ndani ya masikio yangu nilisikia kitu kama kuni mbichi inayokataa kuvunjika, kisha inavunjika.

Wa pili ni wale walioniokota. Najua walikuwa na huruma. Huruma yao ninayo hadi leo mkono wa kuume. Walinishika makwapani wakanisimamisha, kisha wakanipakia jinsi mgonjwa anavyopakiwa huku kwetu: motari mbele, mgonjwa katikati, na mwanaume wa nguvu nyuma amkumbatie asianguke. Ni hivyo tunavyobeba wenye malaria, wenye uchungu wa kuzaa, hata maiti ikiwa familia haina gari. Kichwa changu kilikuwa kinacheza kama cha mtoto mchanga, kinagonga mgongo wa motari, kinarudi, kinagonga kifua cha yule wa nyuma. Naye alikuwa ananipigia kelele sikioni, "Kaza shingo, mama! Kaza!" Nikaze na nini?

Wa tatu ni muuguzi wa kituo cha afya aliyenitazama kutoka kwenye kiti chake. Hakuinuka. Alisema misuli imeshituka, akanipa vidonge vya maumivu.

Wa nne ndiye ninayemkasirikia zaidi, kwa sababu namheshimu. Ni mzee mwunga mifupa. Miguu ya watoto wa mtaa mzima ameiunga, na wanacheza mpira. Mkono wa kaka yangu aliuweka vizuri hata huwezi kujua ni upi uliovunjika. Lakini shingo si mkono. Aliniambia mfupa umetoka mahali pake na yeye ataurudisha. Akapitisha kitenge chini ya kidevu changu, akamweka mtu kwenye miguu yangu, akavuta. Moto ulishuka kutoka shingoni hadi kwenye vidole. Alipoachia, vidole viwili vya mkono wa kuume vilikuwa vimelala, na havikuamka. Baadaye nilimfuata nikamwuliza. Akajibu, "Anayeponya ni Mungu, mwanangu." Sawa. Lakini jogoo wangu aliyemchukua hakumpelekea Mungu.

Baada ya vidole viwili, kiganja kizima kikaanza kulegea. Anayeuza unga anaishi kwa kiganja. Unachota kwa kopo, unalijaza mpaka lifanye kilima, unapitisha kijiti juu, unamimina kwenye mfuko wa mteja, na macho ya mteja hayatoki kwenye mkono wako. Siku moja kopo liliniponyoka mbele ya watu, likabingirika hadi kwa wauza samaki wa ndagala. Nikaliokota. Likaanguka tena. Mteja wangu wa miaka mingi akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani, "Mama, acha nijichotee." Usiku wa siku hiyo sikulia. Niliwaza tu: mkono huu ukifa, mimi nitakuwa mtu wa kulishwa. Mume sina. Mabinti wangu wameolewa mbali. Nitalishwa na nani? Na wifi yangu?

Huyo wifi ndiye wa tano. Nitafika kwake.

Kwanza nilikwenda hospitali mjini, nikapigwa picha ya mifupa. Daktari kijana aliiinua kwenye mwanga, akaniambia nisiinuke kwenye kiti. Yeye mwenyewe ndiye aliyeondoka mbio. Alirudi na kola ya shingo, ngumu, yenye vipande viwili, kimoja cha kushika kidevu na kingine cha kisogo, na mikanda ya kunata pembeni. Alinivalisha polepole kama anayevalisha yai. Akaniambia pingili moja ya shingo yangu imeteleza mbele ya nyingine, na ndani yake inapita kamba ya neva inayopeleka amri mikononi na miguuni. Kamba hiyo inabanwa. Kola nisiivue, hata kitandani. Niende ng'ambo, Bujumbura, kuna mashine ya skaneri na daktari wa kupasua mifupa ya mgongo. Alimpigia simu huyo daktari mbele yangu, nikapewa siku. Watu wa parokia walichanga. Hilo nalo naliandika, ili isionekane kwamba najua kuandika ubaya tu.

Sasa wifi. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, tunakaa uwanja mmoja. Anavusha vitenge na vitu vidogo mpakani, anakwenda na kurudi kama mtu anayekwenda chooni. Ili umwelewe, lazima ujue mpaka wetu. Pale Kavimvira, mtu asiyeweza kutembea huwa hasumbuliwi na watu wa forodha. Ni desturi ya zamani, hakuna aliyeiandika. Utaona kigari cha mlemavu kimejazwa mizigo mpaka mwenye kigari haonekani, wazima watatu wanasukuma, na kizuizi kinainuliwa. Wafanyabiashara wa pale wakiona ugonjwa, hawaoni ugonjwa peke yake. Wifi alipoiona kola yangu, aliitazama kwanza kwa huruma, kisha kwa jicho lingine.

"Wifi," akaniambia, "ukilala, hii kitu inakusaidia nini? Kichwa iko kwenye muto."

"Docta alisema nisitoe."

"Docta haiko hapa."

"Weye usinisumbue."

"Nauliza tu. Kuuliza ni mubaya?"

Vidonge nilivyopewa mjini vilikuwa vya kulaza ng'ombe. Nililala mchana. Nilipoamka, kidevu changu kilikuwa hakina kitu, na mito miwili imewekwa kila upande wa kichwa, imepangwa vizuri sana, kwa upendo. Nikamwita wifi. Nikaita tena. Mtoto wa jirani akasema wifi amevuka ng'ambo. Nilikaa vilevile nikitazama mabati, nikiogopa kupiga chafya.

Alirudi jua likizama, shingo tupu, amebeba viatu mkononi.

"Kola?"

"Iko kwa barière, mpakani."

"Barière inaumwa shingo?"

Akakaa chini. Nikamwona anazuia kitu, sikujua ni kilio au kicheko. Kumbe alivuka vizuri na kola yangu, amevaa vitenge vingi kimoja juu ya kingine chini ya nguo, afisa akamwambia, "Pole mama, pita." Upande wa Burundi aliuza. Akakuta maharage ya bei nzuri. Akanunua gunia. Na gunia mwanamke wa Kavimvira analibeba wapi? Akaliweka kichwani. Akarudi hadi kwenye kizuizi akiwa na kola shingoni na gunia la maharage juu ya kichwa, anatembea mikono ikining'inia, anasalimia watu. Afisa yule yule alipomwona, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamvua kola, akaipeleka ndani.

"Weye una akili?" nikamwuliza. "Nani anabeba gunia na shingo iliyovunjika?"

"Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Nilisahau kama minye ni mugonjwa."

Leo watu wakisikia hapo wanacheka, na mimi nacheka nao. Siku ile sikucheka. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yangu ya Bujumbura.

Asubuhi wifi alikata boksi la sabuni, akalizungusha shingoni mwangu, akafunga kitenge juu yake kwa nguvu. Alikuwa hanitazami usoni. Akasema atanisindikiza, kubeba mfuko na bahasha ya picha. Sikuwa na mwingine. Tulitembea polepole, mimi nikishika kidevu changu kwa mkono wa kushoto kama mtu anayefikiri sana. Wanawake walikuwa tayari wamejipanga na ndoo na mabeseni, wengine wanabishana na wabadilisha pesa, pikipiki zinapenya katikati. Tukafika mbele ya afisa. Akaniangalia mimi. Akamwangalia wifi.

"Na weye tena!" akasema. "Jana shingo, leo shingo. Kavimvira yote imevunjika shingo?"

Foleni ikapasuka kwa vicheko. Mmoja nyuma akasema, "Afande, hata minye shingo inaniuma, nipite?" Mwingine, "Mwangalie, leo wamekosa kola, wamevaa boksi!"

"Chef," wifi akasema, "huyu ndiye muntu wa kweli. Minye nilikuwa wa uongo."

Ndivyo alivyonitetea. Wakazidi kucheka.

Afisa akasogea. "Mama, toa hiyo kitambaa. Geuka kushoto, geuka kuume. Ukiweza, rudi foleni na ulipe kama wengine. Ukishindwa, pita."

"Sitageuka," nikasema.

"Ju ya nini?"

"Ju nikigeuka nitaanguka hapa, na weye ndiye utanibeba."

"Geuka basi, mama, tupite!" wakaita nyuma. "Jua inawaka!"

Akanyoosha mkono kuelekea kitenge. Sikuwa na nguvu ya kumsukuma. Mkono wangu wa kuume ulikuwa unaning'inia, na wa kushoto ulikuwa umebeba kichwa. Nilichoweza ni kusema tu, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Usiniguse. Walionigusa wote wameniharibu."

Sijui kama ni maneno au ni sauti. Aliurudisha mkono wake. Wifi akachomoa ile picha kubwa nyeusi kutoka kwenye bahasha akampa. Afisa akasema, "Minye si docta," lakini aliipokea, akaiinua juu kuelekea ziwani, ambako jua lilikuwa limeshapanda juu ya maji. Mifupa yangu ikaonekana mbele ya foleni nzima, kichwa changu na meno yangu na shingo yangu. Akaitazama kutoka juu kwenda chini, pole pole. Nilikiona kidole chake kinashuka, kinafika mahali, kinarudi juu, kinashuka tena.

"Hii moja imetoka," akasema. Si kwangu, ni kama anajisemea. "Ni kama tofali. Imetoka kwa ukuta."

Nyuma yetu hakuna aliyecheka. Yule wa "afande, hata minye" akaja mbele na beseni lake kichwani, akachungulia, akasema, "Yesu wangu."

Afisa aliingia ndani, akarudi na kola yangu. Ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya msumari, pamoja na kofia zao. Alitaka kunivalisha yeye, nikakataa, ndipo akamwita afisa mwanamke, naye akafuata maelezo yangu, kipande cha mbele kwanza. Kisha yule mwanaume akasimama katikati ya barabara na kuzuia gari dogo lililokuwa linavuka, akamteremsha abiria wa kiti cha mbele. Abiria alilalamika. "Teremuka," akaambiwa, "ama nikuvunje shingo ukae vizuri na huyu mama." Namwandika na yeye. Alikaribia kuniua, kisha akanipa kiti cha mbele.

Huko Bujumbura waliniingiza kwenye mashine ya duara, nikalala kimya, ikanguruma, ikanitoa. Halafu daktari wa kupasua akanikalisha mbele ya kioo cha kompyuta. Mtu wa makamo, mnene kidogo, anayesema Kiswahili cha pole pole chenye Kirundi ndani. Sikumpenda mwanzo. Nilikuwa simpendi mtu yeyote aliyenitazama shingo.

Alinionyesha. Mfupa mmoja wa shingo ukiukata kama kipande cha muhogo, unaona mbele kuna gogo, nyuma kuna upinde, na katikati tundu kubwa inapopita ile kamba ya neva. Gogo na upinde vinaunganishwa na vidaraja viwili vya mfupa, kushoto na kuume. Nje ya kila kidaraja kuna tundu dogo jingine, na humo unapanda mshipa wa damu unaolisha ubongo. Alisema anataka kupitisha visi, yaani skurubu, ndani ya vidaraja hivyo, juu na chini ya mahali palipoteleza, kisha azifunge kwa fimbo ya chuma, mfupa usitembee tena. Visi zenyewe ni kama zile za fundi wa milango, ila hizi hazishiki kutu.

"Kidaraja kikiwa chembamba?" nikauliza.

"Visi inakipasua. Ikitoka ndani, inagusa kamba. Ikitoka nje, inagusa mshipa."

"Na ikigusa?"

Akanitazama. "Kwa hiyo tunapima, mama."

Akaanza kupima, na msaidizi wake, daktari mwanamke mwenye miwani, amekaa kando. Walipita mfupa mmoja mmoja: upana, urefu wa njia, upande gani njia inaelekea. Daktari alisema vitabu vyao vina vipimo, lakini vingi vimetoka kwenye mifupa ya watu wa nchi nyingine, yeye hapasui kitabu. Upande wa kuume wakakubaliana haraka. Walipofika kidaraja cha kushoto cha mfupa wa tano, wakaanza kubishana. Mmoja alisema milimita nne na nusu. Mwingine alisema milimita tatu na kitu. Visi nyembamba kabisa waliyokuwa nayo ilikuwa ya milimita tatu na nusu.

Watu wawili waliosoma, mfupa mmoja, vipimo viwili. Nikasema moyoni, ni wale wale. Kila anayepima anapima anachotaka. Sokoni kwetu kuna mwanamke ambaye kopo lake limebonyezwa kitako kwa ndani. Ukilitazama nje ni kopo kama la kila mtu.

"Mmoja wenu anadanganya," nikasema.

Daktari mwanamke akageuka. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Hapana, mama. Mwenzangu amepima kutoka nje ya ukuta hadi nje ya ukuta. Mimi nimepima ndani, mahali visi itakaa. Mfupa una ganda gumu na una laini ya ndani."

"Basi kinachobeba unga ni ndani," nikasema.

Hawakuelewa, nikawaeleza habari ya kopo lililobonyezwa. Daktari mnene akacheka, tumbo likatikisika, akasema, "Ndiyo, mama. Ni hivyo hivyo." Wakapima tena, kila mmoja peke yake bila kuangalia kwa mwenzake, na safari hii wakaafikiana. Ndani palikuwa padogo. Daktari akaegemea nyuma akasema, "Hapa kushoto hatupiti. Ningekuwa na visi ya dhahabu, hapa sipiti. Mfupa huu nitaushika kwa pembeni, kwenye bega lake la nyuma, visi fupi. Haishiki sana kama ile nyingine, lakini haitafika kwenye mshipa."

Tangu nianguke, hapakuwa na mtu aliyeniambia hapa sipiti. Wote walisema wataweza. Nikamwomba nishike visi moja. Akaniletea kwenye kitambaa safi, akaniwekea kwenye kiganja cha kushoto. Ilikuwa nyepesi. Niliifunga mkononi, nikaifungua.

Ndipo nikamwuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa kifuani miezi yote. "Daktari, picha zote unazo. Niambie basi. Ni nani aliyenitelezesha mfupa? Ni motari? Ni wale walionipakia? Ni mzee aliyenivuta?" Wifi alikuwa ameketi mlangoni na mfuko mapajani. Nikaongeza, "Ama ni aliyenivua kola?"

"Siwezi kujua, mama."

"Pima basi. Una mashine."

"Kipimo kinaniambia wapi. Nani, hakiniambii." Akazima kioo. "Na mimi ninachotafuta ni wapi."

Nilimchukia kidogo kwa jibu hilo. Nilikuwa nimevuka na orodha yangu nzima kichwani, nikitaka aitie muhuri. Lakini nilimwuliza pia kama mkono utarudi, na akanijibu hivyo hivyo, bila sukari: hajui. Akinipasua mapema, mkono unaweza kurudi. Tukichelewa, hautarudi, na miguu itaufuata. Nikasema, "Pasua."

Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichokisikia ni wifi anasali kwa Kifuliiru, vibaya, akiruka maneno. Kisha daktari akaja, akaweka vidole vyake viwili ndani ya kiganja changu cha kuume.

"Bana, mama."

Nikabana. Sikuona tofauti. Akasema, "Tena," na uso wake ukabadilika kidogo tu. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa akarudi. Kidole cha nne kilikuwa cha kwanza kuamka, kikiwasha kama kimeingia kwenye siafu, na mimi nikafurahia kuwashwa kama mtu anayefurahia mvua. Siku ya kuondoka nilimbana vidole mpaka akasema, "Basi, basi, hivi navyo nafanyia kazi."

Sasa naishi na chuma shingoni. Mtu akiniita nyuma, siwezi kugeuza kichwa mpaka mwisho, nageuka mwili mzima kama mlango. Kichwani sibebi tena, hata ndoo. Mizigo yangu inasukumwa kwa toroli, au wifi anabeba gunia na mimi natembea nyuma mikono mitupu, na wanawake wa sokoni wananiita "Madame Député," kama mbunge. Waniite. Kopo nalishika kwa mkono wa kuume, nalijaza hadi kilima, napitisha kijiti. Vidole viwili bado ni vizito asubuhi, kukiwa na baridi ya ziwa. Navisugua, vinakuja.

Kola niliambiwa siihitaji tena. Niliitundika chumbani. Baada ya siku chache haikuwepo. Nilimwuliza wifi, akaapa kwa jina la marehemu kaka yake kwamba hajaiona. Nikajua mara moja iko wapi.

Mwezi uliopita Fuso lilikuwa linapakuliwa pale sokoni. Mpakuaji mmoja, mwanaume mwenye watoto, alikuwa juu kabisa ya magunia, akakanyaga patupu, akaanguka kwa kichwa mbele ya meza yangu. Sauti ile niliijua. Kabla vumbi halijatua, wenzake walikuwa wameshamshika makwapani, na mtu anaipigia pikipiki mluzi, "Moto! Leta moto! Tumuweke katikati!"

Sikumbuki nilivyovuka meza. Unga wangu ulimwagika wote. Nilikuwa nimepiga magoti, na kichwa chake kilikuwa kati ya viganja vyangu vyote viwili, na nilikuwa napiga kelele.

"Muachie! Muache mikono yake! Mushushe chini, pole pole, chini!"

"Mama, atakufa hapa!"

"Atakufa kwenye moto! Nani anataka kumugusa, anivunje minye kwanza!"

Wakaniangalia. Wakaliona kovu langu nyuma ya shingo, maana kitambaa kilikuwa kimeanguka. Wakamlaza. Yule mwanaume alikuwa ananitazama kutoka chini, macho makubwa, anauliza kama ana miguu. Nikamwambia atingishe kidole. Kidole cha mguu kilitingishika. "Unayo," nikamwambia. "Sasa usiongee, usigeuke, nitazame minye tu."

"Tutamubeba na nini?" mmoja akauliza.

"Na mlango. Toa huo mlango."

Mwenye duka la simu jirani akalalamika kwamba ni mlango mpya. Hakuna aliyemsikiliza. Mtu mmoja akachukua kisu akaanza kuzungusha visi za bawaba, moja baada ya nyingine, zinalia kwenye mbao. Ilichukua muda. Mkono wangu wa kuume ulianza kuchoka, nikaogopa kichwa chake kitaniponyoka kama lile kopo. Hakikuponyoka.

Wifi alikuwa amesimama karibu na beseni lake la vitenge. Akaliweka chini. Akaingiza mkono hadi chini kabisa, chini ya vitenge vyote, akatoa kola yangu.

Tulitazamana. Kwa kweli yeye ndiye aliyenitazama, mimi sikuweza kugeuka.

"Usiniulize kitu," akasema.

"Sikuulizi. Piga magoti. Kipande cha mbele kwanza, chini ya kidevu. Usimuinue. Pole pole."

"Najua," akasema, na kweli alikuwa anajua. "Minye nimeivaa kuliko weye."